Kilomita Nane za Jumatatu

Jumapili asubuhi waendesha baiskeli hutoka Kisumu kwa vikundi kuelekea Kit Mikayi, karibu kilomita 30 kwa njia ya Bondo, na kufikia adhuhuri wengi wao wameshageuza na kurudi. Wana vumbi hadi kwenye kope, midomo imekauka, na bado wanataniana. Mmoja wa watu haohao, Jumatatu, anatoka Otonglo kwenda kazini mjini, safari ya kilomita saba au nane hivi. Anashuka kwenye kiti mabega yamekaza, hana hamu ya kusalimia mtu, na jambo la kwanza analotafuta ni kivuli. Usiseme ni uchovu wa jana. Alhamisi pia atafika hivyohivyo.

Majibu ya haraka yapo. Wengine husema mtu huyo haipendi kazi yake, ndiyo maana njia inamchosha. Wengine husema hana mazoezi ya kutosha, azoee tu. Majibu haya mawili yana jambo moja linalofanana: yanamtwisha lawama mwendeshaji. Nayakataa yote mawili. Safari ya kazini ni nzito kwa sababu inamnyang'anya mtu maamuzi ambayo siku ya mapumziko yako mikononi mwake: aondoke saa ngapi, apite wapi, aende kwa kasi gani, asimame wapi, avae nini, arudi upepo ukielekea wapi. Kila uamuzi anaonyang'anywa una gharama, na sehemu kubwa ya gharama hizo inaweza kupigiwa hesabu.

Nianze na kusimama, maana ndiko kunakokula nguvu nyingi na ni nadra kusikia mtu akikutaja.

Chukua mtu wa kilo 75, baiskeli nzito ya kilo 22 na mkoba wa kilo tano. Jumla ni kilo 102. Akienda kwa kilomita 18 kwa saa, mwendo wa kawaida tu wa mtu asiye na papara, mwili wake na baiskeli vimebeba nishati ya mwendo ya jouli 1,275. Akishika breki mpaka akasimama, nishati hiyo yote inageuka joto kwenye breki na kupotea. Kwenye lami tambarare isiyo na upepo, mtu huyo aliyeketi wima anapingwa na hewa pamoja na tairi kwa kani ya takriban nyutoni 17. Gawanya 1,275 kwa 17 upate 75. Maana yake ni kwamba kila anaposimama kabisa na kuanza upya, amelipia mita 75 za ziada ambazo hazimo kwenye ramani yoyote.

Mita 75 ni kidogo, kweli. Sasa fuatana na mtu wa Otonglo. Matatu inamkata mbele na kusimama kuchukua abiria. Tuk-tuk inageuka katikati ya barabara bila ishara. Ng'ombe wanavuka, na hao hawaharakishwi. Kuna tuta, kisha tuta jingine, kisha wanafunzi wanaovuka, kisha mzunguko wa barabara ambapo magari hayampi nafasi. Akisimama mara 30, ambayo si idadi ya ajabu kwa asubuhi ya siku ya kazi, ameongeza kilomita mbili na robo kwenye safari ya kilomita nane. Na asiposimama kabisa bado analipa. Kupunguza kasi hadi nusu kwenye tuta kunapoteza robo tatu ya nishati ya mwendo, kwa sababu nishati hiyo hufuata mraba wa kasi. Tuta moja, mita 56.

Hata hivyo umbali huo wa ziada ndio ulio nafuu. Ubaya zaidi uko kwenye namna nguvu inavyodaiwa. Kudumisha kilomita 18 kwa saa pale kwenye tambarare kunahitaji wati 85, kiasi ambacho mtu mwenye afya anaweza kukitoa kwa muda mrefu huku akizungumza. Kutoka kusimama hadi kasi hiyo ndani ya sekunde sita, kwa kuwa nyuma yako kuna bodaboda inapiga honi, kunahitaji zaidi ya wati 200. Misuli inapigwa, inaachwa, inapigwa tena. Wanariadha wana mazoezi ya aina hiyo kule Iten na Eldoret, na huyafanya kwa siku maalumu, wakiwa wamepasha mwili moto na wakijua watapumzika kesho. Mfanyakazi anayafanya saa moja asubuhi, mwili ukiwa bado baridi, akiwa amekunywa chai ya mkandaa tu, siku tano au sita kwa wiki.

Jumapili, ukishapita Kisian na kushika barabara ya Bondo, unaweza kwenda dakika kumi nzima bila kugusa breki. Hapo ndipo raha ya baiskeli ilipo. Mwendo ulioupata unabaki kuwa wako.

Kuna pia suala la chombo chenyewe. Baiskeli za mchezo zinazopita Milimani Jumapili huwa na gia nyingi na uzito wa kilo kumi au kumi na mbili. Baiskeli inayokwenda kazini mara nyingi ni blek mamba ya gia moja, au Buffalo, ile imara inayounganishwa hapahapa Kisumu na iliyotengenezwa kubeba mzigo kwenye keria. Sizidharau hata kidogo. Zimesomesha watoto wa magharibi mwa Kenya kwa miongo mingi, na ukiharibikiwa njiani kila soko lina fundi anayezijua. Lakini gia moja inakulazimisha ukubali masharti ya mlima. Tuseme una meno 44 mbele na 20 nyuma, na gurudumu la inchi 28. Ukipanda kwa kilomita nane kwa saa, miguu yako inazunguka chini ya mara 30 kwa dakika, ilhali mwenye gia nyepesi anazungusha mara 70 au 80 na kupanda kwa kasi ileile. Kazi inayofanyika inakaribiana. Goti, hata hivyo, halioni ulingano wowote, kwa kuwa kila mkanyago wako unabeba zaidi ya mara mbili ya kani anayotumia mwenzako.

Wanaoishi upande wa Riat na Kiboswa wanalijua hili kwa mwili. Asubuhi wanateremka kwenda mjini, na jioni, wakiwa wamesimama dukani au kiwandani mchana kutwa, ndipo wanapopanda. Mtu anayeendesha kwa starehe angepanga kinyume chake: apande akiwa na nguvu mpya, ateremke akiwa amechoka. Mfanyakazi hana nafasi ya kupanga hivyo, kwa kuwa nyumba ya kodi nafuu iko huko juu na kazi iko huku chini. Wengi hushuka na kusukuma. Ukiwaona jioni kwenye mteremko wa Riat wakisukuma baiskeli iliyobeba unga na mafuta ya taa, usidhani wameshindwa. Wamefanya hesabu sahihi kuhusu magoti yao.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kwa maoni yangu Kisumu inalo kuliko miji mingi, nalo ni jua na upepo wa ziwa.

Jiji letu liko chini ya nyuzi moja kusini mwa ikweta. Kwa hiyo jua huchomoza karibu mashariki na kutua karibu magharibi mwaka mzima, na saa zake hazibadiliki sana: asubuhi huchomoza kati ya saa kumi na mbili na dakika 20 na saa moja kasoro dakika chache, jioni hutua kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja. Saa za kwenda na kurudi kazini zinaangukia palepale jua linapokuwa chini kabisa. Anayeishi magharibi mwa mji, Otonglo au Kisian, anaingia mjini asubuhi akitazama mashariki na kurudi jioni akitazama magharibi. Jua linampiga machoni safari zote mbili. Na si yeye peke yake. Dereva wa lori aliye nyuma yake naye amepofushwa na jua hilohilo, jambo ambalo mwendeshaji analijua na linamkaa shingoni njia nzima. Anayeishi mashariki, tuseme Nyamasaria, ana jua mgongoni asubuhi na mgongoni jioni.

Upepo unaongeza tofauti hiyo. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, hewa juu ya nchi kavu hupanda, na upepo huvuma kutoka ziwani kuingia bara. Usiku mambo hugeuka, na alfajiri mara nyingi kuna upepo mwepesi unaoshuka kutoka bara kwenda ziwani. Wavuvi wa Dunga wamekuwa wakiutumia mzunguko huu tangu enzi za tanga. Kwa mtu wa baiskeli maana yake ni kwamba saa kumi na moja jioni, anayetoka mjini kuelekea magharibi anakutana na upepo wa ziwa uso kwa uso, na anayeelekea Nyamasaria anasukumwa mgongoni. Upepo wa kilomita 11 kwa saa si dhoruba, ni ule tu unaopeperusha nguo kwenye kamba. Lakini kwa mtu anayekwenda kilomita 18 kwa saa, upepo huo ukija mbele unazidisha upinzani wa hewa zaidi ya mara mbili na nusu, kwa kuwa nao hufuata mraba wa kasi ya hewa inayokupiga. Ukijumlisha na tairi, jumla ya upinzani inakaribia kuwa maradufu. Kilomita nane za Otonglo jioni, kwa nguvu zinazotumika, zinaelekea kilomita 15 za tambarare tulivu, na hapo bado hatujahesabu kusimama.

Mwendeshaji wa Jumapili anakutana na upepo huohuo. Tofauti ni kwamba yeye huondoka alfajiri kabla haujaamka, na akiuona umekuwa mkali anageuza. Mvua vilevile. Anayeishi hapa anajua namna mawingu yanavyojikusanya upande wa milima ya Nandi alasiri na kufungulia radi jioni, hasa kuanzia Machi hadi Mei. Mwenye starehe ataangalia mawingu aseme leo basi. Mwenye kazi ataondoka saa ambayo zamu yake imekwisha, si mapema, hata kama wingu liko juu ya kichwa chake.

Jasho nalo lina hesabu yake. Mwili wa binadamu hugeuza takriban robo tu ya nishati yake kuwa mwendo, na robo tatu hivi zinatoka kama joto. Anayekanyaga wati 85 anatoa joto la wati 250 au zaidi. Akiwa kwenye mwendo, hewa inayompita hukausha jasho na kumpoza. Akisimama nyuma ya matatu inayotoa moshi, hewa inakatika huku joto likiendelea kutoka, na ndipo shati linapolowa. Tena mkoba wa mgongoni unaziba sehemu kubwa ya mwili ambayo ingepozwa. Karani wa benki, mwalimu, mhudumu wa hoteli, muuguzi, wote hawa wanatakiwa wafike wakiwa nadhifu, na sehemu nyingi za kazi hazina bafu wala hata bomba la uani lenye mlango. Kwa hiyo wanaendesha huku wakijizuia. Wanachunga shati. Mtu anayeogopa jasho lake mwenyewe hawezi kufurahia kukanyaga, na kasi anayoiacha kwa ajili ya shati anailipa kwa kuamka mapema zaidi.

Mwanamke analipa zaidi. Sketi ya kazini haikushonwa kwa ajili ya baiskeli yenye mtaimbo wa katikati, na macho ya watu kwenye steji hayamwachi apite hivihivi. Wengi wana mtoto wa kushusha shuleni kwanza, kwa hiyo safari yao si ya kutoka A hadi B bali ina mikunjo, kila mkunjo ukiwa na kusimama kwake, na kwenye keria kuna kilo 20 zinazocheza. Nikisikia mtu anauliza kwa nini wanawake wachache huenda kazini kwa baiskeli, huwa naona amefanya haraka kuulizia ujasiri wao kabla ya kuuliza njia imewapangia nini.

Hadi hapa nimezungumzia mwili. Kichwa nacho kina sehemu yake, na si sehemu ndogo. Mwaka 2009 mtafiti Samuele Marcora na wenzake walichapisha jaribio walilofanya na watu 16 nchini Uingereza. Siku moja kila mtu alifanya kazi ngumu ya kuwaza kwenye kompyuta kwa dakika 90, siku nyingine akatazama filamu za maarifa zisizochokoza kwa muda uleule. Baada ya hapo alipanda baiskeli ya mazoezi na kukanyaga kwa kiwango kilichowekwa mpaka ashindwe. Waliotazama filamu walidumu wastani wa sekunde 754. Waliochoka akili walidumu 640. Moyo na misuli havikuonyesha sababu ya tofauti hiyo. Kilichobadilika ni jinsi walivyouhisi uzito wa kazi: tangu mwanzo kazi ileile iliwaelemea zaidi, na wakafika mapema pale wanaposema siwezi tena.

Fikiria basi anayetoka kazini Kisumu saa kumi na moja jioni. Amehesabu pesa za watu siku nzima, au amefundisha darasa lenye watoto 60, au amesimamia foleni ya wagonjwa. Anaanza safari akiwa katika hali ya wale wa sekunde 640, kisha barabara inamdai akili zaidi. Kila sekunde anasoma taa za breki, mlango wa tuk-tuk unaoweza kufunguka, shimo lililojaa maji ambalo kina chake hakijulikani, sauti ya bodaboda inayokuja upande usiofaa. Umakini huo ni kazi. Haupimwi kwa wati, lakini unaongeza uzito wa kila wati. Na jua likitua dakika ishirini baadaye ni giza, kwa sababu huku kwetu machweo hayakawii, na taa za barabarani zikishaisha anaendelea kwa kubahatisha.

Kuhusu hiari yenyewe, mwanasaikolojia Edward Deci alionyesha mwaka 1971 kwamba wanafunzi waliolipwa kufumbua mafumbo waliyokuwa wakiyafurahia walipunguza kuyagusa katika muda wao huru malipo yalipokatizwa. Shughuli haikubadilika, sababu ya kuifanya ndiyo iliyohama kutoka ndani kwenda nje. Sitaki kulisukuma jaribio hilo mbali kuliko linavyofika, maana mafumbo si baiskeli. Ila mtu anayekanyaga akitazama saa kwa sababu kitabu cha mahudhurio kinafungwa saa mbili kamili, na akichelewa anakatwa mshahara, amehamishiwa sababu yake nje. Ulimi wa saa unamwendesha kuliko mnyororo. Na ieleweke kwamba hili si tatizo la baiskeli peke yake. Mwanasaikolojia Daniel Kahneman na wenzake walipowahoji wanawake wafanyakazi 909 wa Texas, Marekani, kuhusu siku zao, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004, safari ya asubuhi kwenda kazini ilishika mkia kwa kupendeza. Texas ni nchi ya magari. Kama watu wenye viti laini na viyoyozi wanaona hivyo, anayekanyaga kwa miguu yake asisingiziwe uvivu.

Hapo ndipo linapokuja jambo linaloniuma zaidi. Kisumu hapo zamani ilikuwa jiji la baiskeli kwelikweli. Teksi za baiskeli, zenye mto wa sponji kwenye keria, ndizo zilizobeba watu kutoka Kondele, Manyatta na Nyalenda. Serikali ilipoondoa kodi ya VAT kwa pikipiki zisizozidi sentimita za ujazo 250 mwaka 2008, pikipiki zilimiminika, na baiskeli ikaachiwa wale wasioweza kumudu nauli kila siku. Polepole watu wawili tofauti wakaanza kupanda chombo kimoja. Mmoja anaendesha Jumapili kwa afya na urafiki, na Jumatatu anaenda kazini kwa gari. Mwingine anaendesha siku sita kwa sababu ya nauli, na Jumapili anaiegemeza baiskeli ukutani na kuupumzisha mwili. Anayeitwa kwenye warsha kuzungumzia usafiri wa baiskeli karibu kila mara ni yule wa kwanza. Anazungumza kwa moyo, nami simlaumu, lakini anachokijua ni kilomita 60 za Jumapili. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Matokeo yake ni kampeni zinazotuambia kuendesha ni raha na ni afya, na anayejaribu kwa wiki moja kwenda kazini akaona mateso anadhani kasoro ni yake. Anaacha kimyakimya. Tumempoteza mtu kwa sababu tulimuuzia Jumapili tukampa Jumatatu.

Najua nitapingwa. Kuna watu wanaokwenda kazini kwa baiskeli na kuipenda safari hiyo, tena si wachache. Ukiwachunguza, mara nyingi utakuta wana maamuzi yao mikononi: fundi aliyejiajiri anayefungua karakana saa anayotaka, mhadhiri ambaye kipindi chake cha kwanza ni saa nne, mtu anayeishi Milimani na kufanya kazi mtaa wa pili. Wanathibitisha hoja yangu. Wengine husema mwili huzoea. Unazoea kweli, mapigo ya moyo yanashuka, miguu inakomaa. Ila hakuna mazoezi yanayopunguza jouli 1,275 za kila kusimama, na jua la saa moja asubuhi halimzoei mtu. Wengine watasema aamke mapema akwepe msongamano. Ushauri huo una faida ya kweli, lakini kabla ya saa kumi na mbili bado ni giza, kwa hiyo anayekwepa magari anakutana na giza, na dakika 40 za usingizi zimetoka kwenye mwili uleule utakaokanyaga jioni.

Kwa mwendeshaji mwenyewe, hesabu hizi zinafaa kwa jambo moja la kuchagua njia. Usitafute njia fupi zaidi, tafuta yenye kusimama kuchache zaidi. Ikiwa barabara ya nyuma ni ndefu kwa kilomita moja lakini inakuondolea kusimama mara 20, umeokoa nguvu za nusu kilomita na umeokoa shingo. Hamisha mkoba kutoka mgongoni uufunge kwenye keria. Jaza upepo kila wiki. Mengine hayako mikononi mwako, na hapo ndipo lawama inapopaswa kuelekea.

Mwajiri anaweza kurudisha maamuzi matatu kwa gharama ndogo. Chumba chenye mlango, ndoo na maji kinarudisha kasi, kwa kuwa shati la kubadilishia linaweza kusubiri kwenye mkoba. Chuma cha kufungia baiskeli mbele ya macho ya askari wa geti kinaondoa wasiwasi ambao mtu hukaa nao hadi jioni. Na robo saa ya ulegevu kwenye kitabu cha mahudhurio, kwa anayekuja kwa baiskeli au kwa miguu, inamruhusu kusubiri mvua ipungue au lori lipite. Hilo la tatu halihitaji hata shilingi moja, na ndilo ninalolithamini kuliko yote.

Barabara ni ya serikali, na hapa mamlaka zimegawanyika: KeNHA ina barabara kuu, KURA ina za mijini, na Katiba ya 2010 imeipa kaunti barabara za kaunti, taa za mitaani na maegesho. Kaunti ya Kisumu ina Mpango wa Usafiri Endelevu wa mwaka 2020 unaozungumzia waendao kwa miguu na kwa baiskeli, na mitaa ya katikati ya jiji ilipendezeshwa kabla ya Africities, mkutano wa miji ya Afrika, wa Mei 2022. Ila mfanyakazi wa baiskeli haanzii katikati ya jiji. Anaanzia Otonglo, Mamboleo, Nyamasaria, Riat, na huko ndiko njia inakomea kwenye mtaro au inageuka kuwa steji ya matatu. Njia ya baiskeli inayokatika kila mita 200 kwenye lango la kituo cha mafuta haimsaidii, kwa kuwa imemrudishia kusimama kulekule. Ningependa miradi ipimwe kwa kipimo hicho: mtu anaweza kwenda mita ngapi bila kugusa breki? Kilomita tatu zisizokatika kutoka Otonglo, zenye taa na miti, zina thamani kuliko kilomita kumi za vipande vipande.

Kwa sheria ya fedha za umma ya mwaka 2012, makadirio ya bajeti ya kaunti hufikishwa kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili na kupitishwa kufikia 30 Juni, na kati ya hapo wananchi huitwa kutoa maoni. Vikao hivyo mara nyingi hufanywa mchana wa siku za kazi, saa ambazo anayekuja kwa baiskeli yuko kazini. Maoni ya maandishi hupokelewa pia. Chama cha wafanyakazi, SACCO au kikundi cha kina mama sokoni Kibuye kinaweza kuandika ukurasa mmoja: wanachama wetu kadhaa huja kwa baiskeli kutoka mitaa hii, husimama hapa na hapa, taa hukomea hapa, tunaomba sehemu hii iunganishwe mwaka huu wa fedha.